Miungu, Mashujaa na Utu katika Hadithi za Ugiriki ya Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale yanayorudiwa na wanafunzi wa fasihi, walimu wao, na watu waliotazama filamu kuhusu Troy wakabaki na dukuduku. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine. Si lazima uyasome kwa mpangilio.

## Mambo ya msingi

1. Hadithi hizi zimetoka wapi? Kuna kitabu kimoja ninachoweza kusoma nikamaliza?

Hakuna. Wagiriki wa kale hawakuwa na msahafu. Walikuwa na malenga, wachoraji wa mitungi, mahekalu na sherehe za kila mji, na kila mmoja alisimulia kwa namna yake. Ukiuliza Aphrodite alizaliwaje utapewa majibu mawili: Homer anasema ni binti wa Zeus na Dione, Hesiod anasema aliibuka kwenye povu la bahari baada ya Kronos kumhasi baba yake na kuvitupa viungo vyake majini. Wote wawili waliheshimiwa, na hakuna aliyeitwa mzushi.

Nguzo zenyewe ni chache. Kuna tendi mbili za Homer, Iliad yenye mistari zaidi ya 15,000 na Odyssey yenye zaidi ya 12,000, zilizopata umbo lake karne ya 8 au ya 7 KK. Kuna Hesiod, aliyepanga nasaba ya miungu. Halafu kuna tanzia za Athens za karne ya 5 KK, za Aeschylus, Sophocles na Euripides. Watatu hao waliandika tamthilia karibu 300 na zilizotufikia nzima hazizidi 33. Hadithi nyingi za vitabu vya watoto, kama ile ya Narcissus kuzimia kivuli chake majini, tunazijua zaidi kupitia Ovid, ambaye alikuwa Mroma na aliandika karne nyingi baadaye.

2. Homer alikuwa mtu wa kweli?

Hilo linabishaniwa tangu zamani, na kwa msomaji halibadilishi mengi. Kinachoeleweka vizuri zaidi ni jinsi tungo zenyewe zilivyojengwa. Miaka ya 1930 Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia kuwarekodi malenga waliotunga tendi ndefu papo kwa papo, akaonyesha kuwa Homer anatumia mbinu zilezile: vifungu vya maneno vilivyokwisha kupimwa kutosha mizani, vinavyorudi kila vinapohitajika. Ndiyo maana Achilles huitwa mwepesi wa miguu hata akiwa ameketi. Aliyewahi kusikiliza utendi ukighanwa hatashangaa.

3. Wagiriki wenyewe waliyaamini mambo haya?

Inategemea unaulizia ibada au hadithi. Ibada ilikuwa jambo zito. Kabla ya vita, safari au harusi walichinja, wakachoma mifupa ya mapaja iliyofunikwa kwa mafuta ili moshi uwafikie miungu, na nyama wakala wenyewe. Majina ya Zeus, Hera na Poseidon yamo hata kwenye vibao vya udongo vya majumba ya kifalme vilivyoandikwa karne kadhaa kabla ya Homer, maandishi ambayo Michael Ventris aliyafumbua mwaka 1952.

Hadithi zilijadiliwa waziwazi. Xenophanes wa Colophon, katika karne ya 6 KK, aliwashutumu Homer na Hesiod kwa kuwabebesha miungu kila jambo la aibu: wizi, uzinzi, kudanganyana. Akaongeza kwamba ng'ombe wangekuwa na mikono wangechora miungu wenye umbo la ng'ombe. Plato naye alitaka hadithi za aina hiyo zifukuzwe katika mji wake bora. Lakini uhuru huo ulikuwa na mpaka. Mwaka 399 KK mahakama ya Athens ilimhukumu Socrates kifo, na shtaka mojawapo lilikuwa kutowatambua miungu wa mji.

4. Zeus na Jupiter ni mmoja?

Waroma waliwalinganisha miungu wao na wale wa Kigiriki: Zeus akawa Jupiter, Hera Juno, Poseidon Neptune, Aphrodite Venus, Ares Mars, Hermes Mercury. Heracles ndiye Hercules, na Odysseus ndiye Ulysses. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili amekwisha kukutana nao: katika Matendo ya Mitume sura ya 14 watu wa Listra wanamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, na katika sura ya 19 umati unapiga kelele kwa ajili ya Artemi wa Waefeso.

5. Vita vya Troy vilitokea kweli?

Mji ulikuwapo. Kilima cha Hisarlik, kaskazini-magharibi mwa Uturuki, kina matabaka ya miji iliyojengwa mmoja juu ya mwingine. Heinrich Schliemann alianza kukichimba miaka ya 1870, akielekezwa na Frank Calvert, akapitiliza kwenda chini. Dhahabu aliyoitangaza mwaka 1873 kuwa hazina ya mfalme Priam ni ya zaidi ya miaka 1,000 kabla ya wakati ambao vita hudhaniwa kupiganwa, na njiani aliharibu sehemu ya kile alichokuwa akikitafuta. Mji mmoja wa hapo uliteketea karibu na mwaka 1180 KK. Kwamba uliteketezwa na Wagiriki kwa ajili ya mwanamke aitwaye Helen, aliyetwaliwa na Paris wa Troy, udongo hausemi.

Na kwa kuwa huulizwa pia: farasi wa mbao, ambamo Wagiriki walijificha ili waingie mjini, hayumo katika Iliad. Utendi huo unaishia kwenye maziko ya Hector, mwana wa Priam, mji ukiwa bado umesimama. Farasi anatajwa katika Odyssey, na maelezo yake marefu ni ya Virgil, Mroma.

## Miungu

6. Miungu wa Olympus ni wangapi?

Kumi na wawili, ingawa orodha haikuwa ileile kila mahali: Zeus, Hera, Poseidon, Demeter, Athena, Apollo, Artemis, Ares, Aphrodite, Hephaestus, Hermes, na wa mwisho ni Hestia au Dionysus. Hades, ndugu wa Zeus, kwa kawaida hahesabiwi kwa kuwa makao yake ni kuzimu. Mlima Olympus upo hadi leo kaskazini mwa Ugiriki na una mita 2,917, karibu nusu ya Kilimanjaro.

7. Kwa nini miungu hawa wana tabia mbaya kuliko binadamu?

Kwa sababu hawafi. Ukilishika hilo, mengi katika hadithi hizi yanafunguka.

Soma kitabu cha kwanza (yaani sehemu ya kwanza) cha Iliad. Kinaanza na ugomvi kati ya Achilles, mpiganaji bora wa Wagiriki, na Agamemnon, mkuu wa jeshi lao, na ugomvi huo utawaua watu wasiohesabika. Kinaishia na ugomvi mwingine, safari hii kati ya Zeus na mkewe Hera huko Olympus. Hephaestus anaona karamu inataka kuharibika, anainuka akichechemea na kuanza kuwamiminia wenzake kinywaji, nao wanaangua kicheko kwa jinsi anavyohangaika ukumbini. Jioni wanakwenda kulala. Ugomvi ni uleule, ila wa juu umeishia kwenye kicheko na wa chini kwenye makaburi.

Mfano mwingine uko katika Odyssey kitabu cha 8. Aphrodite, mke wa Hephaestus, anafumaniwa akiwa na Ares. Hephaestus amewategea wavu kitandani, anawaita miungu waje kutazama, nao wanacheka. Hermes anasema angekubali kufungwa minyororo mara tatu zaidi ya hiyo ili mradi awe mahali pa Ares. Helen, mke wa Menelaus, na Paris, mwana wa mfalme wa Troy, walifanya jambo lilelile na mji mzima ukaungua.

Kwa hiyo kuwatafuta miungu hawa kama mifano ya maadili ni kupoteza muda. Hata ushujaa hawana nafasi nao: Ares anachomwa mkuki na Diomedes, mpiganaji wa Kigiriki, katika Iliad kitabu cha 5, anakimbilia kwa baba yake akilalamika, anapakwa dawa, anapona hapohapo. Ujasiri, uaminifu, huruma na subira ni vitu vya mwenye cha kupoteza, na katika hadithi hizi huyo ni binadamu peke yake.

8. Zeus anaweza kubadilisha majaliwa ya mtu?

Homer analiacha swali hili likining'inia, kwa makusudi nadhani. Katika Iliad kitabu cha 16 Zeus anamwona mwanawe Sarpedon yuko karibu kuuawa na Patroclus, rafiki wa Achilles, naye anawaza kumnyanyua kutoka vitani. Hera hamwambii kwamba hawezi. Anamwambia: fanya, lakini sisi wengine hatutakusifu, na kila mungu mwenye mtoto pale atataka kumwokoa wake. Zeus anakubali, ananyesha matone ya damu juu ya nchi kumheshimu mwanawe, na Sarpedon anakufa. Hapo ndipo mungu anapokaribia zaidi kuujua uchungu wetu.

9. Kama yote yamekwisha kupangwa, binadamu ana kosa gani?

Zeus mwenyewe analalamikia hoja hii mwanzoni mwa Odyssey. Anasema binadamu huwalaumu miungu kwa kila balaa, kumbe hujiongezea wenyewe kwa upumbavu wao kuliko walivyoandikiwa. Mfano wake ni Aegisthus: alitumiwa Hermes kumwonya asimuue Agamemnon wala asimtwae mkewe, akayafanya yote mawili.

Oedipus ni kesi ngumu zaidi. Alisikia kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake, akatoroka Korintho, alikolelewa na watu aliodhani ni wazazi wake, ili yasitokee, na njia ya kukimbilia ndiyo iliyomkutanisha na baba yake wa damu penye njia panda. Wengi hufundishwa kwamba alianguka kwa kiburi. Kwa Sophocles si rahisi hivyo. Kinachomfichua ni ukaidi wake wa kutaka kujua, uleule uliowahi kuuokoa mji wake wa Thebes, na watu wanapomsihi aache kuuliza anaendelea. Akishaufahamu ukweli anajitoboa macho, na wanakwaya wanapomuuliza ni mungu gani aliyemsukuma, anajibu kuwa Apollo ndiye aliyeleta mateso, lakini mkono uliopiga ni wake. Alichopangiwa na alichochagua vimekaa ndani ya jibu moja.

10. Pandora alifungua nini hasa?

Kwa Hesiod, alichofungua Pandora, mwanamke wa kwanza, si sanduku. Ni kasiki kubwa la kuhifadhia vitu. Maradhi na taabu zikatoka, Tumaini likabaki chini ya mdomo wa kasiki. Hesiod haelezi kama limebaki ili tuwe nalo au limefungiwa tusilipate, na wasomaji hawajaacha kubishana.

## Mashujaa

11. Shujaa wa Kigiriki ni lazima awe mtu mwema?

Hapana, na hili huwachanganya wengi waliozoea shujaa wa filamu. Shujaa ni mtu aliyepita kipimo, kwa nguvu au kwa mateso, na ambaye baada ya kufa kaburi lake lilipewa sadaka kwa sababu liliaminika kuwa na nguvu ya kusaidia au kudhuru.

Heracles aliua majoka na simba, na pia aliua watoto wake mwenyewe akiwa katika wazimu. Odyssey inasimulia kuwa alimuua Iphitus aliyekuwa mgeni nyumbani kwake, akabaki na farasi wake. (Uzito wa kosa hilo utauona katika swali la 15.) Pausanias, mwandishi wa safari wa karne ya 2 BK, anasimulia habari za mpiganaji ngumi Cleomedes wa kisiwa cha Astypalaea. Alimuua mpinzani wake huko Olympia, akanyang'anywa ushindi, akarukwa na akili, akarudi kwao na kuangusha nguzo ya shule ambayo paa lake liliwaangukia watoto wapatao 60. Watu walipomfukuza kwa mawe alijificha ndani ya kasha hekaluni. Walipolivunja hawakumkuta. Wakapeleka swali Delphi, kwenye hekalu la utabiri la Apollo, nao wakaambiwa wampe heshima ya shujaa.

12. Ni kweli Achilles angeweza kufa kwa kisigino tu?

Si kwa Homer. Katika kitabu cha 21 cha Iliad mkuki wa Asteropaeus unamkwaruza mkono na damu inatoka. Habari ya mama yake kumchovya katika mto wa kuzimu inaonekana kwa Statius, mshairi Mroma wa karne ya 1 BK. Wasomaji wetu hupenda kumlinganisha na Fumo Liyongo na sindano ya shaba ya kitovuni, na kulinganisha si vibaya. Tofauti kubwa ni kwamba Liyongo anauawa na mwanawe aliyerubuniwa, kwa hiyo siri ya mwili ndiyo kiini cha kisa chake. Iliad haihitaji siri hiyo hata kidogo. Achilles wa Homer anajua kuwa atakufa kama mtu yeyote, na utendi mzima umesimama juu ya kujua huko.

13. Kwa nini Achilles alisusa vita kwa ajili ya mateka mmoja? Si utoto huo?

Heshima katika jeshi lile haikuwa hisia ya moyoni. Ilikuwa kitu kinachoonekana: fungu la ngawira ulilopewa mbele ya wote. Briseis, mwanamke ambaye hadithi inamhesabu kuwa fungu hilo (na ambaye hakuulizwa), anachukuliwa na Agamemnon hadharani, na kwa tendo hilo jeshi zima linaambiwa kuwa Achilles si kitu.

Ila ubishi wenyewe unakwenda mbali zaidi ya hapo. Katika kitabu cha 9 Agamemnon anaahidi kumrudisha Briseis pamoja na dhahabu, farasi 12, miji 7 na binti yake mmojawapo wa kuoa. Haji mwenyewe, na neno la kuomba radhi halimo. Anawatuma wengine. Achilles anakataa, na jibu lake ni la kutisha kwa jeshi lolote: ng'ombe na kondoo hutekwa, farasi hununuliwa, lakini roho ya mtu ikishavuka ua la meno hairudishwi kwa ngawira wala biashara. Mama yake amemwambia ana njia mbili, kukaa apigane na kufa akiwa na sifa isiyokufa, au kurudi kwao aishi maisha marefu bila jina. Kwa mara ya kwanza anauliza kama sifa inastahili bei hiyo.

Katika Odyssey kitabu cha 11 Odysseus anakutana na kivuli chake kuzimu na kumpa hongera kwa kutawala wafu. Achilles anamwambia asimbembeleze kuhusu kifo: afadhali awe kibarua wa mtu asiye na shamba la maana kuliko kuwa mfalme wa wafu wote.

14. Odysseus ni shujaa au tapeli?

Wagiriki wenyewe hawakukubaliana. Homer anampenda. Sophocles, katika tamthilia ya Philoctetes, anamfanya mtu anayemfundisha kijana uongo. Uongo wake unafanya kazi, ndiyo shida. Anamwambia zimwi la jicho moja, Polyphemus, kwamba jina lake ni Hakuna-Mtu, na zimwi lilipotobolewa jicho likapiga kelele kwamba Hakuna-Mtu analiua, majirani wakarudi kulala. Angenyamaza hapo angefika nyumbani mapema. Merikebu ikiwa inaondoka anapaza sauti na kutaja jina lake, la baba yake na la kisiwa chake, na kwa anwani hiyo kamili Polyphemus anaweza kumshitaki kwa baba yake Poseidon.

Kitendo kinachomtenga na wajanja wengine kiko katika Odyssey kitabu cha 5. Calypso, aliyekaa naye miaka 7, anamtaka abaki asife wala asizeeke. Odysseus anakiri kwamba mkewe Penelope hamfikii mungu huyo kwa uzuri wala kimo, na kwamba atazeeka. Hata hivyo anataka kwenda kwao.

## Mambo waliyoyathamini

15. Kwa nini kila hadithi ina mgeni mlangoni?

Kwa sababu Zeus ndiye mlinzi wa wageni, na nyumba hupimwa hapo. Utaratibu katika Odyssey haubadiliki: mgeni huingizwa, hupewa maji ya kunawa, hula, na baada ya kushiba ndipo huulizwa jina na atokako. Akiondoka hupewa zawadi. Urafiki unaozaliwa hapo hurithiwa na watoto. Katika Iliad kitabu cha 6 Diomedes na Glaucus, anayepigana upande wa Troy, wanagundua katikati ya vita kwamba babu zao waliwahi kukaribishana, basi wanashikana mikono na kubadilishana silaha. Homer anatania kwamba Glaucus alipunjwa: alitoa za dhahabu zenye thamani ya ng'ombe 100 akapokea za shaba zenye thamani ya 9.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Menelaus angetikisa kichwa, lakini naye ana mpaka wake. Anamwambia Telemachus, mwana wa Odysseus, kuwa ni kosa kumharakisha mgeni asiyetaka kuondoka, na ni kosa hilohilo kumng'ang'ania anayetaka kwenda.

Ukishajua kanuni hii, tendi zote mbili zinasomeka upya. Paris alikuwa mgeni aliyemwibia mwenyeji. Polyphemus ni mwenyeji anayekula wageni, na zawadi anayomwahidi Odysseus ni kumla wa mwisho. Wachumba wa Penelope ni wageni wanaofilisi nyumba. Anayeitimiza kanuni kuliko wafalme wote ni Eumaeus, mtumwa anayechunga nguruwe: anamtandikia mzee mchafu asiyemjua, anamchinjia, na kumwambia kwamba wageni na ombaomba wote hutoka kwa Zeus. Mzee huyo ni bwana wake, ila yeye hajui. Na watu wa Listra waliotajwa katika swali la 4, waliposema "Miungu wametushukia kwa mfano wa wanadamu", walikuwa wakifikiri ndani ya imani hiyohiyo. Ovid anasimulia kisa cha jirani na huko, Frigia, ambako Jupiter na Mercury walifukuzwa kwenye nyumba elfu moja wakapokewa na wazee wawili maskini.

16. Kisasi kilikuwa wajibu?

Katika tendi, ndiyo. Tanzia zinaanza kuuliza kitakoma wapi. Katika tamthilia tatu za Oresteia za mwaka 458 KK, Agamemnon anamtoa binti yake kafara, mkewe Clytemnestra anamuua kwa hilo, na mwanawe Orestes anamuua mama. Kila muuaji ana hoja. Aeschylus anaupeleka mgogoro mahakamani Athens. Kura zinalingana, na Orestes anaachiliwa kwa sababu kura ya Athena iko upande wake. Miungu wa kike wa kisasi waliokuwa wakimwandama Orestes, waitwao Erinyes, hawafukuzwi bali wanapewa makao na heshima chini ya mji. Hoja iliyotumika kumtetea Orestes, kwamba mama si mzazi halisi, ni dhaifu hata kwa masikio ya wakati ule, na sidhani Aeschylus hakuliona hilo.

17. Kati ya Antigone na Creon nani ana haki?

Katika tamthilia ya Sophocles, Creon, mfalme wa Thebes, anakataza kumzika Polynices aliyeushambulia mji wake, na Antigone anamzika kaka yake kwa sheria za miungu ambazo hazikuandikwa. Creon si kichaa: mji umetoka vitani juzi. Kosa lake ni kutosikiliza, hata mwanawe Haemon anapomwambia kuwa mji wa mtu mmoja si mji. Nelson Mandela aliwahi kuigiza nafasi ya Creon akiwa mfungwa Robben Island, na katika maisha aliyoyaandika mwenyewe anaeleza kuwa kilichomvutia upande wake ni Antigone, aliyeivunja sheria kwa kuwa haikuwa ya haki.

18. Je, kuna huruma kwa adui?

Kitabu cha 24 cha Iliad kimeandikwa kujibu hili. Hector, aliyemuua Patroclus, ameuawa na Achilles, na siku hadi siku Achilles anaburuta maiti yake kuzunguka kaburi la Patroclus. Usiku Priam, mzee, baba wa Hector, anavuka na gari la fidia mpaka kambi ya adui, anaingia kibandani bila kuonekana, anapiga magoti, anashika magoti ya Achilles na kuibusu mikono iliyowaua wanawe wengi. Anamwambia: mkumbuke baba yako. Wanalia pamoja, mmoja akimlilia Hector, mwingine baba yake na Patroclus.

Homer hatuachii utamu usio na chumvi. Priam anapohimiza apewe maiti upesi, Achilles anamkaripia, kwa sababu anajijua bado ana hasira. Anaagiza maiti ioshwe mbali, ili baba asiione akapandwa na uchungu, naye Achilles akamuua. Kisha anachinja kondoo na kumlazimisha mzee ale. Wanaafikiana siku 11 za kusitisha vita kwa maziko. Siku ya 12, kama ni lazima, watapigana. Hakuna aliyesamehe. Kuna watu wawili wanaojua kwamba watakufa, wamekula pamoja. (Rudi kwenye swali la 7 uone kwa nini hakuna mungu angeweza kushika nafasi ya yeyote kati yao.)

## Maswali ya pembeni

19. Waafrika wamo katika hadithi hizi?

Wamo, hasa wale Homer anaowaita Waethiopia. Si nchi ya Ethiopia ya leo. Ni watu wa ncha za dunia, kule jua linakochomoza na linakotua. Katika Iliad miungu wote wanakwenda kwao kula karamu, na katika Odyssey Poseidon yuko huko ndipo Odysseus anapata mwanya wa kuondoka. Mfalme wao Memnon, mwana wa Alfajiri, alikuja kuisaidia Troy, akamuua Antilochus na kuuawa na Achilles. Utendi uliosimulia hayo umepotea, umebaki muhtasari wake. Wagiriki waliofika pwani ya Afrika Mashariki karne ya 1 BK waliacha maandishi yanayoitaja bandari ya Rhapta, lakini hao walikuja kutafuta pembe za ndovu na magamba ya kasa, hawakuja na Memnon.

20. Mimi ni Mkristo au Muislamu. Kuna ubaya kusoma?

Swali ni la zamani kuliko unavyodhani. Katika karne ya 4 BK Askofu Basil wa Kaisaria aliwaandikia vijana jinsi ya kusoma waandishi hawa: wachukue chenye faida, wapite chenye madhara. Kwa Kiarabu, Iliad nzima ilitolewa kwa ushairi Kairo mwaka 1904 na Sulayman al-Bustani. Hakuna anayekutaka umwabudu Zeus, na kama jibu la 3 lilivyoonyesha, hata Wagiriki walikuwa wakali kwake.

21. Kwa nini Odysseus aliwaua wajakazi?

Hapa hakuna namna ya kumtetea kikamilifu. Baada ya kuwaua wachumba anaamuru wajakazi 12 waliolala nao wauawe. Kwanza wanabebeshwa maiti na kusafishishwa ukumbi, kisha Telemachus anawanyonga kwa kamba ya merikebu. Odysseus mwenyewe, mistari mingi kabla, aliwashutumu wachumba kwa kuwalazimisha wajakazi hao kulala nao. Homer hamkaripii, ila anawafananisha na ndege walionasa mtegoni wakitafuta mahali pa kulala, na kusema miguu yao ilitapatapa kidogo, si kwa muda mrefu. Mstari huo una huruma ambayo mashujaa wenyewe hawanayo.

22. Nianze wapi?

Anza na Odyssey kitabu cha 9 hadi 12, uone kama imekunasa, kisha urudi mwanzo. Antigone inasomeka kwa jioni moja. Ukitaka Kiswahili, Samuel Mushi alitafsiri tanzia ya Oedipus kwa jina la Mfalme Edipode. Iliad ni ngumu kwa anayeanza: soma kitabu cha 1, 6, 9, 16, 22 na 24 kwanza. Orodha ya merikebu katika kitabu cha 2 iruke tu.